Usikifunge Kitabu Ukiwa Bado Mgeni

Wewe uliyekwama ukurasa wa tisini wa Gardens of the Moon, haya ni yako. Najua umefika wapi. Ulikutana na mvulana juu ya ukuta wa ngome ukadhani ndiye shujaa. Ukafungua ukurasa, miaka saba ikawa imepita, na msichana wa mvuvi ametwaliwa mwili na akili na miungu usiyoijua jina. Kabla hujamzoea huyo, ukatupwa kwenye mji uliozingirwa na jeshi, mlima mzima ukielea angani juu yake, na wachawi wakiteketezana kwa nguvu wanazozichota mahali panapoitwa warren. Hakuna aliyejisumbua kukwambia warren ni nini. Ulirudi nyuma kusoma upya. Ulichungulia orodha ya wahusika mwanzoni mwa kitabu, nayo ikakuvunja moyo zaidi. Sasa kitabu kimelala chini ya mto, au kimezama kwenye simu chini ya programu nyingine zote, nawe umeanza kunong'ona kwamba labda vitabu vya aina hii viliandikiwa watu wengine.

Kitoe hapo. Kifute vumbi. Hujashindwa, umefika tu pale ambapo mwandishi alikusudia ufike.

Steven Erikson, Mkanada aliyekitunga, alisomea akiolojia na anthropolojia. Dunia ile aliibuni na rafiki yake Ian C. Esslemont katika miaka ya 1980, wakiicheza mezani kama mchezo wa kete na kuigiza, miaka mingi kabla haijawa riwaya. Kitabu hicho, cha kwanza katika mfululizo wake, alikiandika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hakikuchapishwa hadi 1999. Cha kumi, ambacho ndicho cha mwisho, kilitoka 2011. Mfululizo mzima una maneno zaidi ya milioni tatu. Mtu aliyeishi ndani ya dunia yake muda mrefu hivyo haandiki kama kiongozi wa watalii. Anakuingiza sokoni watu wakiwa katikati ya mazungumzo, na mazungumzo hayasimami kwa sababu umeingia. Katika dibaji aliyoiongeza toleo la baadaye alikiri wazi kwamba kitabu hicho huwagawanya wasomaji, na kwamba hakuwa tayari kukilainisha.

Na sasa nikugeukie wewe hasa, msomaji wa Kisii na Nyamira, kwa sababu kati ya watu wote wa Kenya wewe ndiye mwenye haki ndogo kabisa ya kulalamikia majina.

Mchukue mgeni kutoka Kitui, mkalishe mbele ya redio usiku wa kuhesabu kura. Mwambie kaunti hizi mbili zina maeneo bunge 13. Mwambie Mugirango ziko tatu: ya Kusini iko Kisii, ya Kaskazini na ya Magharibi ziko Nyamira. Borabu ni eneo bunge la Nyamira, ila Bomachoge Borabu ni la Kisii, na lina mwenzake Bomachoge Chache. Kuna Nyaribari Masaba, hiyo ni Kisii. Kuna Kitutu Masaba, hiyo ni Nyamira. Na Kitutu Chache imegawanywa sehemu mbili na iko Kisii. Soko la Keroka limelalia mpaka, na watu wa kaunti zote mbili wameligombania. Mji wenyewe kwenye ramani unaitwa Kisii, na mdomoni mwa wazee unaitwa Getembe. Mgeni wako kufikia hapo atakuwa ameomba maji ya kunywa. Wewe je? Wewe ulizipanga hizo zote kichwani ukiwa bado unavaa kaptura, na hakuna mtu aliyekupa orodha ya wahusika.

Au fikiria tangazo la kifo kwenye Egesa FM. Marehemu alikuwa mwana wa fulani na fulani, mjukuu wa fulani, kaka yao fulani hadi fulani, mume wa fulani, baba yao fulani wa Nairobi na fulani wa ng'ambo, mkwe wa fulani wa upande ule mwingine wa mto. Majina thelathini kwa pumzi moja. Mama yuko jikoni anakoroga ugali, redio iko sebuleni, na tangazo likiisha anasema bila kugeuka: huyo ni wa ile nyumba ya juu ya kiwanda cha chai, dada yake aliolewa kwa kina shangazi. Hakuandika kitu. Hakurudisha tangazo nyuma. Amezoea kuyaacha majina yapite, akijua yale yanayomhusu yatajishikiza yenyewe.

Halafu mwana wa mama huyo ananiambia Erikson ana wahusika wengi!

Tena hebu tuangalie hadithi tulizokulia. Kulikuwa na Sakawa, mtabiri aliyesema wageni weupe watakuja, na inasimuliwa alionyesha mahali mji wao ungesimama kabla haujachimbwa msingi hata mmoja. Kulikuwa na Moraa, mwanamke mganga na mwonaji, aliyewachochea vijana wasiukubali utawala wa hao wageni. Na kulikuwa na Otenyo, aliyejificha kando ya njia Januari 1908 akamchoma mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza ambaye watu walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii walilipa kwa nyumba kuchomwa na ng'ombe kuchukuliwa. Simulizi za kwetu zinasema kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na hadi leo wapo wanaodai kirudishwe.

Hayo yote, mwonaji, mganga, mkuki na kichwa kilichovuka bahari, uliyasikia ukiwa mtoto, na aliyekusimulia hakuanza na utangulizi. Hakukueleza utabiri unafanyaje kazi. Mpiga obokano, na nyuzi zake nane, haanzi wimbo wa vita kwa kukupa ramani ya Kano, Kabianga na njia ambazo mababu walipitia. Anataja tu. Ulisikiliza mara ya kwanza ukashika theluthi, mara ya pili ukashika nusu, na ilipofika mara ya tano ukawa wewe ndiye unayemkosoa msimuliaji. Huo ndio usomaji ambao Gardens of the Moon inakudai. Uwezo huo ulikuwa nao. Ulienda wapi?

Ulipotelea darasani, kwa maoni yangu. Sina ugomvi na walimu. Wana mtihani wa taifa mbele yao na wazazi nyuma yao. Lakini tazama tunavyosoma riwaya za Kiswahili sekondari. Kitabu teule kinanunuliwa leo, iwe Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora enzi zile au Nguu za Jadi cha Clara Momanyi miaka hii, na mwongozo wake unanunuliwa siku hiyohiyo kwenye duka lilelile. Wengi wanaufungua mwongozo kwanza. Kabla hujamwona mhusika akifungua mlango, umeshaambiwa ni mbinafsi, ni mnafiki, na thibitisha kwa hoja nne. Miaka minne ya hayo inakujengea imani moja mbaya: kwamba ukurasa usiouelewa papo hapo ni ukurasa ulioufeli. Basi siku unapokutana na mwandishi asiyekuwa na mwongozo, anayeficha kwa makusudi, unasikia ile hofu ya zamani ya karatasi ya tatu ya mtihani, na unafunga kitabu ili usionekane mjinga. Mbele ya nani? Hakuna msimamizi. Hakuna alama. Uko peke yako kitandani na mvua inanyesha nje.

Kutoelewa kwa muda, na bado ukaendelea kusonga, ni ujuzi. Una faida nje ya vitabu pia: mwanafunzi wa udaktari anauhitaji, fundi anayefungua injini asiyowahi kuiona anauhitaji, mtu anayehamia nchi ya lugha nyingine anauhitaji kila asubuhi. Sijui mahali pa bei nafuu zaidi pa kuujenga kuliko ndani ya riwaya kubwa, ambako ukipotea hakuna anayeumia.

Sasa, utavumilia hadi lini? Swali hilo ni la haki, na wahenga walishalijibu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mfululizo wa Erikson nalichukua neno kwa neno. Kitabu cha kwanza wewe ni mgeni: kaa, kula, tazama, usiulize sana. Cha pili bado ni mgeni, na hapa nikuonye mapema, maana ndipo wengi waliovuka ukurasa wa tisini huanguka. Ukishakuwa umewazoea watu wa kwanza, wale wanajeshi wachovu na yule mnene Kruppe wa mji wa Darujhistan anayejisema kana kwamba ni mtu mwingine, kitabu cha pili kinakupeleka bara jingine kabisa, jangwani, kwa watu ambao wengi wao hujawahi kuwasikia. Inaudhi. Inaonekana kama dharau. Vumilia, kwa sababu cha tatu, Memories of Ice, kinakurudisha bara la kwanza, na hapo ndipo utashikishwa jembe. Majina uliyoyaacha yapite yanaanza kujishikiza. Mtu aliyetajwa mstari mmoja kwenye kitabu cha kwanza anaingia mlangoni na wewe unamjua kuliko wenzake waliomo chumbani. Kuna furaha ya pekee katika kumtambua mtu ambaye hakuna aliyekutambulisha kwake.

Ukifika hapo na bado hupendi, acha. Nenda kwa amani, na usimwombe mtu radhi. Kila mtu ana haki ya kuondoka. Ninachokataa mimi ni kuondoka ukiwa bado getini. Na sababu zako zitakuwa za mtu aliyeingia. Labda utasema ukatili umezidi, na utakuwa na hoja, maana vitabu hivi havimwonei huruma msomaji. Labda utasema askari wake ni wanafalsafa kupita kiasi, kila mmoja anayechimba handaki ana maoni kuhusu historia ya binadamu. Hapo hata mimi nitakuunga mkono. Ila "sielewi", ikisemwa ukurasa wa tisini, bado haijawa sababu. Ni taarifa ya mahali ulipo.

Nikiri kwamba si kila mfululizo mrefu unastahili subira hii. The Wheel of Time ya Robert Jordan ina juzuu kuu 14, na katikati yake kuna vitabu ambavyo hata mashabiki wake wanaapa kwamba safari inasimama. Jordan mwenyewe alifariki 2007 kabla hajamaliza, na Brandon Sanderson akaandika tatu za mwisho kati ya 2009 na 2013. George R. R. Martin alianza 1996, kitabu chake cha tano kikatoka 2011, na wasomaji wangali wanasubiri cha sita. Wa Erikson una sifa moja ambayo hiyo mingine imeikosa: umekwisha, kwa mkono wa aliyeuanza. Ukipanda mlima huo, kilele kipo.

Jinsi ya kuupanda. Tafuta daftari la bei rahisi kabisa, na kila jina jipya liandike kwa neno moja tu la kukumbushia: mchawi, sajenti, mwizi, mungu-pacha. Ukiandika zaidi ya hapo unajigeuza mwanafunzi tena. Usikimbilie intaneti kutafuta maana ya kila kitu, maana utaingia kutafuta mto na utoke umejua nani anakufa kitabu cha saba. Soma kidogo kila siku badala ya kumeza kurasa mia siku ya Jumapili na kukaa wiki mbili bila kugusa. Dunia kama ile husahaulika haraka ukiipa mgongo. Mvua za alasiri za milimani kwetu zilishakutengea muda, huendi popote hata hivyo. Na kama unasoma kwenye simu, chaji mapema, usije ukaishiwa katikati ya mapigano stima ikiwa imepotea.

Kuhusu gharama, hapa ndipo nataka uwe jasiri. Juzuu kumi ni pesa nyingi kwa kijana mmoja. Kwa vijana kumi ni kitabu kimoja kila mtu. Watafute tisa: wawili Chuo Kikuu cha Kisii, mmoja anayefundisha Ekerenyo, mmoja duka la dawa Nyansiongo, wengine wa kanisani, wengine wa timu ya mpira. Kila mmoja anunue juzuu yake, zizunguke. Mtu anayejua kwamba mwenzake anasubiri kitabu hicho Keumbu hatakilaza chini ya mto. Na mkikutana, msichambue maudhui. Gombaneni. Nani alikuwa na haki, nani alistahili kufa, yule mfalme wa kivuli anataka nini hasa. Mtashangaa jinsi Ekegusii na Kiswahili vinavyoutosha ugomvi wa Darujhistan.

Ukiona mlima bado ni mrefu, kuna vilima vya Kiswahili vya kunyooshea miguu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1990, na Mzingile ikaifuata 1991. Ni vijitabu vyembamba unavyoweza kutia mfukoni, na vimewapoteza wasomi wazima. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya 2002, na Musaleo! yake ya 2004, zinakuingiza kwenye safari ambayo mwenye safari mwenyewe hajui anaelekea wapi. Anayemaliza hizo nne hatatishwa na mlima unaoelea.

Na ukidhani subira ya msomaji ni kubwa, ipime na ya mwandishi. Ng'ambo ya ziwa letu hilihili, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945 riwaya kubwa mno kwa Kikerewe, hadithi ya Bwana Myombekere, mkewe Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Hakupata wa kuichapisha. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, maelfu ya aya, mkono wa mzee. Ilitoka Dar es Salaam 1980, kupitia Tanzania Publishing House, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 alikaa na kitabu ambacho hakuwa na uhakika kama mtu yeyote angekifungua. Wewe unaombwa kurasa chache zaidi.

Kuna jambo jingine linaloniwasha, nilitaje. Sakawa, Moraa na Otenyo wanasubiri juzuu zao. Kutoka miteremko ya Manga hadi machimbo ya mawe ya Tabaka kuna dunia inayotosha vitabu kumi, na atakayeiandika lazima awe mtu aliyewahi kukaa ndani ya jengo kubwa la aina hiyo na kuona kuta zake zimeshikana vipi: jina linapandwa wapi, linavunwa wapi, msomaji anafichwa nini na kwa muda gani. Ujuzi huo haupatikani kwenye ukurasa wa tisini.

Kwa hiyo leo usiku ruka. Usirudi mwanzo, hilo ndilo kosa linaloua wasomaji wengi. Anza palepale ulipoachia, ukiwa umesahau nusu, na usome hadi hadithi ikufikishe Darujhistan, kwenye taa zake za gesi na wezi wake wa juu ya mapaa. Utasikia ardhi ikiwa ngumu chini ya miguu. Maliza kitabu. Fungua cha pili, Deadhouse Gates, na ukasirike kidogo kwamba wamekuletea watu wapya, halafu umtafute jenerali anayeitwa Coltaine. Amepewa jeshi moja lililochoka na maelfu kwa maelfu ya wakimbizi: wazee, akina mama, watoto, na wakubwa wenye majivuno wanaolalamikia maji. Nchi nzima imeasi. Anatakiwa kuwavusha wote bara zima kwa miguu, kutoka Hissar hadi mji wa Aren, na mzee mmoja mwanahistoria anatembea nao akiandika kila kitu. Maadui wako mbele, nyuma na ubavuni, jua haliwahurumii, na kila mto wanaoukuta tayari una jeshi ng'ambo yake.

Kama walifika, mimi sikwambii.